Bodi za dari zinazoyeyuka: zitapunguza kweli bili ya AC Dar es Salaam?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Ninajenga Kigamboni, sebule na vyumba vitatu vya kulala. Nimeshaezeka kwa bati la kahawia iliyokoza, sasa niko hatua ya dari. Kuna muuzaji ananishawishi niache jipsamu ya kawaida nifunge bodi zake zenye maada inayoyeyuka mchana na kuganda usiku. Anasema inayeyuka kwenye nyuzi 25, kila mita ya mraba ina kilo nne za maada hiyo, na bei pamoja na ufundi ni shilingi 90,000 kwa mita. Kwangu ni mita 70. Anadai bili itashuka kwa nusu na hela yangu itarudi ndani ya miaka saba. Nyumba niliyopanga sasa nanunua umeme wa kama 150,000 kwa mwezi, sehemu kubwa ni AC, hasa usiku. Nikubali? Kaka yangu anajenga Njombe, naye anauliza kama zitamfaa.

JIBU: Dada yangu, usizinunue. Nakuandikia kwa urefu kwa sababu milioni 6 na laki 3 ni hela nyingi ya kupoteza, na kwa sababu sayansi aliyokueleza muuzaji ni ya kweli. Ni rahisi mtu kuamini hesabu mbovu inapoegemea sayansi ya kweli.

Kitu chochote kikiwa kinayeyuka hufyonza joto jingi bila chenyewe kupanda joto. Kilo moja ya barafu inahitaji kilojuli 334 (kilojuli ni kipimo cha joto) ili igeuke maji tu, na muda wote huo inabaki kwenye nyuzi sifuri. Ndiyo sababu wavuvi wa soko la samaki la Feri wanalipia barafu, hawatumii maji ya baridi. Parafini, jamii ileile ya nta ya mishumaa ila imechaguliwa iyeyuke kwenye nyuzi ishirini na kitu, hufyonza kama kilojuli 200 kwa kilo. Zipo pia chumvi zenye maji ndani yake ambazo hucheza karibu na hapo. Ukiziweka kwenye dari, chumba kinapopita nyuzi 25 zinaanza kuyeyuka na kulimeza joto. Usiku hewa ikishuka chini ya hapo zinaganda na kulitema, nawe unalitoa nje kwa madirisha. Kesho yake zinaanza upya. Mzunguko huo mmoja kamili, kuyeyuka na kuganda, ndio unaokulipa. Usiku ambao hazikuganda, siku inayofuata zinakuwa bodi za kawaida zilizonunuliwa kwa bei mbaya.

Tupige hesabu kwa kumpa muuzaji kila anachotaka. Mita 70 mara kilo nne ni kilo 280. Mara kilojuli 200 ni kilojuli 56,000, yaani uniti 15.6 za joto. Lakini hizo ni uniti za joto, si za LUKU. AC haitengenezi baridi, inahamisha joto kulitoa nje, na kwa uniti moja ya umeme AC ya kawaida huhamisha kama uniti tatu za joto. Kwa hiyo bodi zote zikiyeyuka hadi tone la mwisho zimekuokolea uniti 5.2 za umeme kwa siku. Kwa bei ya T1 ya TANESCO, yaani kundi la matumizi ya kawaida, shilingi 292 ambazo ukiongeza VAT na tozo za REA na EWURA zinafika karibu 356, hizo ni shilingi 1,850 hivi. Zidisha kwa siku zote 365 za mwaka bila kukosa hata moja: unapata karibu 674,000.

Sasa rudi kwenye ahadi yake. Nusu ya bili yako ni 75,000 kwa mwezi, laki 9 kwa mwaka. Ameahidi zaidi ya kile ambacho bodi zake zingeweza kukupa kwenye mwaka ambao haujawahi kutokea duniani, mwaka ambao kila siku zimeyeyuka zote na kila usiku zimeganda zote bure. Hata kwa mwaka huo wa ndotoni hela yako ingerudi baada ya miaka tisa na zaidi. Na ukiwa na AC nzuri ya inverta, ile inayopunguza kasi yenyewe badala ya kuwaka na kuzima, inayohamisha uniti nne kwa moja, akiba inashuka hadi kama laki 5, kwa sababu kadiri AC yako inavyokuwa bora ndivyo kila kilojuli unayoiokoa inavyokuwa na thamani ndogo. Milioni 6 na laki 3 ukiziweka mahali panapolipa asilimia 10 kwa mwaka zinakuletea 630,000 bila kufunga screw hata moja.

Hapo bado sijaigusa hali ya hewa ya Dar, na humo ndimo bodi zinapoangukia.

Ili maada ya nyuzi 25 igande usiku, chumba kinatakiwa kishuke nyuzi tatu au nne chini ya hapo, na kikae huko kwa muda wa saa sita hadi nane. Januari hadi Machi, Dar ikiwa kwenye kilele cha joto, hewa ya nje alfajiri ni kama nyuzi 25. Ndani ya chumba chenye kuta zilizopigwa jua kutwa ni zaidi ya hapo. Bodi zako zitayeyuka wiki ya kwanza ya Desemba na kubaki kimiminika mpaka masika yapoze hali. Miezi ileile unayolipa umeme mwingi kuliko yote ndiyo miezi ambayo hazifanyi kazi. Juni hadi Agosti, kusi likivuma na alfajiri ikishuka hadi nyuzi 19 au 20, zitaganda vizuri kabisa, lakini miezi hiyo wewe mwenyewe unalala na feni. Inabaki ile miezi ya katikati, na humo nako ni nusunusu. Nikikuachia kwa ukarimu mizunguko 100 kamili kwa mwaka, akiba ni kama 185,000, na hela inarudi baada ya miaka 34.

Utaniuliza: si AC itazigandisha? Itazigandisha, kwa umeme wako. Joto lililoingia kwenye bodi mchana litalipiwa usiku, na LUKU ya nyumbani inauza uniti kwa bei moja usiku na mchana, kwa hiyo kuhamisha mzigo wa saa nane mchana kuupeleka saa nne usiku hakukupunguzii shilingi. Kwa matumizi yako hali ni mbaya zaidi. Umesema AC unaiwasha hasa usiku. Mchana vyumba vya kulala viko vitupu, AC imezimwa, na bodi zinakaa zikimeza joto ambalo halikuwa likimsumbua mtu. Saa tatu usiku unaingia, unaweka AC nyuzi 24, na dari nzima iliyoyeyuka inaanza kutema joto chumbani kwenye nyuzi 25. AC inabidi igandishe dari kwanza ndipo ikupoze wewe. Unaweza kujikuta unanunua umeme mwingi kuliko mwenye jipsamu tupu, na hili muuzaji hawezi kulieleza kwa sababu mfano wake wote umetoka kwenye ofisi zinazopozwa mchana.

Akikwambia anayo ya nyuzi 29, hiyo itaganda usiku wa Dar karibu mwaka mzima. Ila ukiwasha AC kwenye 24 au 26 haitayeyuka kamwe, na isipoyeyuka haina kazi. Inamfaa mtu asiye na AC anayetaka chumba kisipande hadi 32 mchana. Huyo atapata nafuu ya kweli mwilini, lakini hana bili ya kupunguza.

Kisha kuna unyevu. Sehemu kubwa ya kazi ya AC ukanda wa pwani ni kukausha hewa. Yale maji yanayodondoka kwenye bomba nje ya dirisha yalikuwa mvuke chumbani kwako, na kuugeuza mvuke kuwa maji kunakula umeme. Bodi iliyo kwenye nyuzi 25 haikaushi chochote. Hata ikifanya kazi yake vizuri, sehemu hiyo ya bili haiigusi.

Kuna jambo moja napenda kila anayejenga alijue. Nyumba yako tayari imejaa kifaa cha kutunza joto, nacho umeshakilipia: tofali. Tofali la saruji la nchi sita lina uzito wa karibu kilo 30. Likipanda na kushuka nyuzi tano kati ya mchana na usiku linameza na kutema kama kilojuli 135. Kwa hiyo kilo moja ya ile parafini ni sawa na tofali moja na nusu. Bodi zote za milioni 6 na laki 3 ni sawa na matofali kama 415, na nyumba ya ukubwa wako imekula zaidi ya 2,000. Tofauti ni kwamba parafini inafanya hivyo bila kupanda joto, na hiyo ni sifa ya kweli, lakini uwezo wa kutunza joto wenyewe unao tele. Kitu unachokosa Kigamboni ni usiku wenye baridi ya kulitoa hilo joto. Hakuna bodi inayouza usiku wa baridi.

Ukijua hilo utaelewa kwa nini wazo hili lilizaliwa mbali na kwa nini huko lina mantiki zaidi. Mwaka 1948 huko Dover, Massachusetts, Marekani, mwanasayansi Maria Telkes, mzaliwa wa Hungaria, alishirikiana na msanifu majengo Eleanor Raymond kujenga nyumba iliyopashwa joto kwa jua. Gharama alilipa mchongaji sanamu Amelia Peabody. Joto la jua lilitunzwa kwenye mapipa yenye tani kama 21 za chumvi ya Glauber, inayoyeyuka kwenye nyuzi 32 hivi. Nyumba za huko ni mbao na jipsamu, nyepesi, hazitunzi joto. Majira ya baridi ni makali na kupasha nyumba joto ni gharama. Kila sababu ya kutumia maada hizi ilikuwepo, na bado haikudumu: baada ya majira machache ya baridi mfumo ulishindwa. Chumvi ikiyeyuka na kuganda tena na tena hujitenga. Sehemu isiyoyeyuka ni nzito, inazama chini na kugoma kuungana tena na maji yake, na mapipa nayo yakaliwa na kutu na kuvuja. Telkes mwenyewe baadaye alionyesha kwamba boraksi kidogo husaidia chumvi hiyo kuanza kuganda kwa wakati, na viwanda vya leo huongeza vitu vya kuifanya nzito isijitenge. Hata hivyo swali hilo lipo palepale kwa kila bidhaa ya chumvi: imejaribiwa mizunguko mingapi? Ukihesabu mzunguko kwa siku, miaka 20 ni mizunguko 7,300. Muuzaji asiye na karatasi ya maabara yenye namba hiyo anakuuzia matumaini. Kwa parafini swali ni jingine. Haijitengi, haili bati, lakini inawaka moto, na kwako ingekaa darini karibu na nyaya za taa. Hilo peke yake lingenifanya nidai cheti cha majaribio ya moto kabla ya kuzungumza bei.

Sasa kaka yako wa Njombe. Kwake fizikia inakubali. Julai usiku unashuka chini ya nyuzi 10, mchana jua linawaka, na bodi ya nyuzi 21 au 22 iliyo kwenye chumba chenye dirisha kubwa linaloingiza jua ingeyeyuka mchana na kumpa joto jioni. Lakini mwulize analipia nini sasa hivi kupasha nyumba joto. Watu wengi wa nyanda za juu hujifunika blanketi na kuvaa sweta. Hawana hita, hawana bili. Huwezi kuokoa hela ambayo haitumiki. Nimeliona jambo hili kila nilipoulizwa kuhusu bodi hizi kwa ukanda wetu: kwenye baridi ya usiku zinafanya kazi lakini hakuna bili, na kwenye bili hakuna baridi ya usiku. Kaka yako afanye hivi: dirisha kubwa la sebule lielekee kaskazini, kwa maana miezi ya baridi kwetu jua huwa upande huo, sakafu ya hapo aiache saruji au vigae bila zulia ili inywe jua, aweke dari yenye kihami joto, yaani kitu kinachozuia joto kupita, na azibe mianya ya milango na madirisha. Kama yuko kwenye tabia ya kuingiza jiko la mkaa chumbani usiku, naomba umwambie aache leo. Gesi ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye mkaa inaua watu wakiwa usingizini.

Ningekuwa mkali kupita kiasi nikikuacha ufikiri maada hizi hazifai popote. Friji za chanjo kwenye zahanati zisizo na umeme wa gridi zinaendeshwa na sola moja kwa moja, bila betri: mchana paneli zinagandisha barafu iliyozunguka chumba cha chanjo, usiku barafu ndiyo inayoshikilia ubaridi. Barafu ni maada ya kubadili hali kama hizo bodi, ila ni maji tu, haina gharama, na inachukua nafasi ya betri ambayo ingekufa baada ya miaka michache. Matangi ya kupozea maziwa yenye benki ya barafu yanatumia njia hiyohiyo. Pale kila mzunguko una thamani kubwa, na kinachogandisha ni jua la bure la mchana. Vibanda vya bati na nyumba za makontena kwenye maeneo kama Dodoma nazo ningezifikiria: mchana nyuzi 30, usiku 18, na kuta nyembamba zisizo na tofali hata moja. Hata hapo ningeanza na kihami joto kwanza.

Turudi kwako na ile milioni 6. Tatizo la nyumba yako liko juu ya dari. Bati la kahawia iliyokoza saa saba mchana linapita nyuzi 60, na linamwaga joto chini kama jiko lililogeuzwa. Joto hilo linasafiri kwa mnururisho, halihitaji hewa kulibeba, kwa hiyo matundu ya hewa peke yake hayatoshi. Mwambie fundi atandaze foili ya alumini chini ya kenchi, upande unaong'aa ukitazama nafasi iliyo wazi, wala usibanwe na kitu, maana foili iliyogusana na bodi haina kazi. Juu ya jipsamu atandaze pamba ya kioo au ya mwamba ya unene wa milimita 50 hadi 100. Aache matundu yenye wavu wa popo kwenye fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, na mengine karibu na kofia ya paa, ili hewa ya moto ipande na kutoka. Ukija kupaka bati rangi upya, chagua nyeupe au kijivu hafifu. Rangi nyeupe safi hurudisha sehemu kubwa ya jua kabla halijawa joto la mtu yeyote. Pata bei za vitu hivi kwenye maduka mawili matatu ya vifaa vya ujenzi, na uzilinganishe na zile 90,000 kwa mita. Foili na pamba hazihitaji usiku wa baridi. Zinafanya kazi Februari, mchana na usiku, na hazichoki.

Madirisha ya magharibi ndiyo yanayofuata. Jua la saa kumi linaingia chini chini, na pazia la ndani halilizuii kwa sababu likishapita kioo limeshaingia. Kinga iwe nje: baraza, kibaraza cha makuti, mti, hata chandarua cha kivuli. Wazee wetu wa Lamu na Zanzibar walijua hili, wakafanya mitaa myembamba ili nyumba zikingane jua. Hakikisha pia chumba cha kulala kina madirisha pande mbili ili kaskazi na kusi zote zipate pa kupita, na weka nyavu za mbu na grili imara tangu mwanzo, kwa sababu dirisha usiloweza kuliacha wazi usiku ni kama halipo.

Feni ya dari inakula wati 50 hadi 75, AC wati elfu moja na zaidi ikiwa inavuta kwa nguvu. Ukilala na feni inayozunguka taratibu pamoja na AC iliyowekwa kwenye 27, mwili unasikia nafuu ileile ya 24 au 25 bila feni, na AC inafanya kazi kidogo sana.

AC zenyewe usizinunue sasa. Mafundi wengi hupima chumba kwa ukubwa wake tu na kukuandikia AC ya BTU 18,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), wakidhani paa halina kinga. Chumba chenye foili, pamba na kivuli mara nyingi kinatoshwa na 9,000 au 12,000 ya inverta, na AC ndogo inayokwenda muda mrefu hukausha hewa vizuri kuliko kubwa inayowaka na kuzima. Fundi wa AC aitwe baada ya dari kufungwa, aje na kipima joto, akae chumbani saa nane mchana, ndipo aseme ukubwa.